Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Kinoo ya leo, hapa Kiambu, ni ghorofa za kupangisha zilizoota juu ya vishamba vya wazee. Mzee akifariki kodi haikomi, na mara nyingi huingia kwenye simu ya mtu mmoja: kifungua mimba, aliyetumwa kortini na familia akashughulikie mambo ya baba. Miaka inapita. Dada zake wanaona nyumba zimejaa wapangaji, ila hesabu hawajaiona.

Kisheria, ndugu huyo ni mtumishi. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, humkabidhi msimamizi mali ya marehemu, lakini kifungu cha 83 kinambana. Agharamie mazishi kutokana na mali hiyo, akusanye kilichokuwa cha marehemu, alipe wadai, na ndani ya miezi sita tangu apewe hati ya usimamizi apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni. Hati yake ikishathibitishwa, ana miezi sita mingine ya kukamilisha ugavi. Warithi wakiwamo watoto wadogo, msimamizi mmoja hatoshi. Wanatakiwa angalau wawili. Na kabla ya hati kuthibitishwa msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi, jambo ambalo wanunuzi wa ploti hapa Kinoo hulisikia wakiwa wamekwisha kulipa.

Tusimwonee msimamizi, hata hivyo. Ndiye anayefuata barua ya chifu, anayepanga foleni kortini na kumlipa wakili, huku wengine wakipiga simu mwisho wa mwezi tu. Gharama halali ana haki ya kurudishiwa kutoka kwenye mali. Ila haki hiyo inataka risiti, na ndugu anayekasirika akiulizwa risiti ameshajibu swali.

Udhaifu mkubwa uko kwenye utekelezaji wa sheria. Sheria inadai hesabu kamili, lakini mara nyingi hutolewa tu pale mahakama inapoagiza au mwenye maslahi anapoomba. Maana yake, binti anayetaka kujua kodi ilikokwenda lazima amshtaki kaka yake mbele ya ukoo mzima, na wengi huona afadhali wanyamaze. Adhabu nayo imechakaa: anayeingilia mali ya marehemu bila idhini hutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au hufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au hupewa adhabu zote mbili. Kwa mwenye ghorofa ya wapangaji, faini hiyo si kitu.

Ucheleweshaji una mfano wake hapa hapa Kiambu. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri, alifariki Septemba 1981, takriban miezi miwili baada ya sheria hiyo kuanza. Karibu miaka 40 baadaye, mirathi yake bado ilikuwa ikibishaniwa mahakamani. Familia ya vyumba kumi vya kupangisha haina mali ya kulisha mawakili kwa muda huo.

Ndiyo maana naona mzigo wa kuuliza uondolewe kwa warithi. Siku ya kuthibitisha hati, kila mahakama ipange tarehe ya msimamizi kurudi na hesabu, awepo mlalamishi au asiwepo. Mpaka hapo, wewe uliye mrithi, hata kama ni binti aliyeolewa, usitie sahihi fomu ya ridhaa ambayo hujaisoma, na omba hesabu kwa maandishi. Ukinyimwa, sheria inakuruhusu kuiomba mahakama imwamuru aitoe, na hata imvue usimamizi.