Hamasa Hailipi Kodi ya Fremu

Siku hizi tumeaminishwa kwamba muuza mitumba, mama lishe au mwenye genge asiyesonga mbele ana tatizo la fikra. Eti anawaza kimaskini, hajiamini, anaogopa kuthubutu. Dawa yake ni kocha wa kumbadilisha mtazamo, na makocha wamejaa: kwenye kumbi za Dar es Salaam na Nairobi, redioni asubuhi, kwenye makundi ya WhatsApp yenye ada ya kila mwezi. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zote. Ni ya uongo, na inawatoza hela watu ambao hawana hela ya kupoteza.

Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kuwahi mzigo sokoni Ilala, akarudi kuwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, huyo amekwisha thubutu kuliko wengi wetu tunaosubiri mshahara. Hakuna hotuba itakayomwongezea ujasiri. Anachokosa ni hesabu na habari. Sahani moja ya wali maharage inamwachia shilingi ngapi, ukishatoa mkaa, mafuta, kodi ya fremu, ujira wa binti anayeosha vyombo, na chakula ambacho wanawe wanakula kutoka sufuria hiyohiyo? Wapo mama lishe wanaouza mpaka sufuria inakauka kila siku, na mwisho wa mwezi wanakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa mno, kwa sababu bei ya sahani haikuwahi kubeba gharama zake. Ukimweka mtu huyo ukumbini na kumwambia awaze makubwa, afungue tawi la pili, umemwongezea shimo la pili la kupotezea hela. Na akianguka, ataambiwa hakuamini vya kutosha.

Ushauri wa biashara una thamani. Nasema hivyo bila kusita, na ushahidi upo hapa jirani. Watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walikwenda Dandora, Nairobi, wakawagawa wanawake wenye biashara changa. Baadhi walipewa mafunzo ya darasani. Wengine waliunganishwa na mwanamke mzoefu aliyefanikiwa katika biashara mtaani hapohapo, wakawa wanaonana kwa mwezi mmoja. Matokeo yalichapishwa 2018. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mlezi wa mtaani faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Na kilichowasaidia hakikuwa maneno ya kutia moyo: walielekezwa pa kununua mzigo kwa bei nafuu, wakabadilisha wanaowauzia bidhaa, gharama zikashuka. Pale walezi na wanafunzi wao walipoacha kuonana, manufaa yalififia. Ushauri una uhai kadiri mshauri anavyoendelea kuwepo.

Wala cheti kikubwa cha mshauri hakitoshi. Accra, nchini Ghana, mafundi cherehani walipewa washauri kutoka kampuni ya kimataifa ya ukaguzi wa hesabu. Mafundi waliyafuata maelekezo kwa muda, faida haikupanda, kisha wakarudia utaratibu wao wa zamani.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Togo, na ni mfano wa haki. Utafiti wa huko uliotolewa 2017, uliohusisha wafanyabiashara 1,500, ulionyesha kwamba mafunzo ya kujituma na kubuni, yaliyotokana na saikolojia, yaliinua faida kwa asilimia 30, wakati mafunzo ya kawaida ya biashara hayakuonyesha mabadiliko ya kutegemewa. Basi mtazamo una nafasi yake. Lakini tazameni yalivyofanyika: vipindi vingi vya wiki kadhaa, kisha mkufunzi akamfuata mfanyabiashara kwenye biashara yake mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Anayeuza tiketi ya Jumamosi moja yenye muziki na vitafunwa hana haki ya kujifunika shuka la Togo.

Ajabu ni kwamba sisi tulikuwa na ukocha wa kweli kabla ya neno hilo kutufikia. Kijana wa Kikinga kutoka Makete anakuja Kariakoo au Mbeya kwa ndugu, anasimama dukani miaka kadhaa, anajifunza mteja, mzigo na msimu. Akiiva, tajiri wake anampa mali kauli, yaani bidhaa za kulipia akishauza, naye anaanza na fremu yake. Mangi, yule Mchaga wa duka la mtaani, alifundishwa vivyo hivyo na mjomba au kaka. Mwalimu wa namna hiyo akikosea, hasara inamgusa yeye mwenyewe, maana mali iliyoko kwa kijana ni yake. Kocha wa ukumbini ameshalipwa mlangoni.

Tena msaada wenye maana mara nyingi ni mdogo na unapimika. Chukua kodi ya mapato kwa makadirio Tanzania, kwa viwango vya 2022. Mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka asiyeweka kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Aliyeweka kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Mtu wa kumkalisha chini akamfundisha kuandika daftari la mauzo amemwachia 70,000 mkononi. Ni hotuba gani ya hamasa imewahi kufanya hivyo?

Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejea 2024, na mjadala wote ukawa juu ya fedha: nani apewe, nani hajarejesha, benki gani ipitishe. Ni nadra kusikia swali la nani atakaa na kikundi baada ya fedha kutoka. Halmashauri ziwalipe wafanyabiashara wazoefu wa masoko yaleyale, mama lishe aliyeshika bei kwa mama lishe anayeanza, wakutane kila wiki pale jikoni, daftari likiwa mezani.

Nawe msomaji unayetaka kulipa kiingilio Jumamosi ijayo, muulize kocha wako ni biashara gani ya aina yako aliyoiendesha, na kama atafika dukani kwako mwezi ujao kuona hesabu. Asipokuwa na jibu, hela hiyo nunulia mzigo.