Kiasi katika Mazoezi ya Mwanzo

Kila muhula unapoanza, huzuka katika shule zetu za Busia na Malaba maradhi ya kuweka nadhiri. Kijana ambaye likizo nzima hakukimbia hata mvua husimama mbele ya wenzake akatangaza kwamba kuanzia kesho ataamka saa kumi alfajiri, atakimbia kilomita kumi, na kabla ya mwezi kwisha atakuwa na kifua cha mnyanyua vyuma. Wenzake humshangilia. Siku ya kwanza hukimbia. Siku ya pili huchechemea. Siku ya tatu ngazi za bweni zimekuwa Mlima Elgon. Siku ya nne amelala. Wiki ya pili husema kwamba mazoezi hayakuumbiwa watu wa namna yake. Mimi nasema mazoezi hayana hatia. Yenye hatia ni ile nadhiri, pamoja na sisi wakubwa tunaoishangilia.

Wapo watakaonipinga. Watasema, "Mwalimu, wawafundisha vijana unyonge. Lengo dogo ni la mtu mdogo. Mtazame Eliud Kipchoge!" Vema, na tumtazame, lakini tumtazame mzima, si siku yake moja. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikuwa na umri wa miaka 34. Nishani yake ya dhahabu ya dunia katika mita 5,000 aliipata Paris mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013. Basi bingwa wa dunia alikaa miaka kumi kabla ya kukimbia marathoni hata moja, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hawezi kungoja wiki kumi? Amtajaye Kipchoge ili kuitetea haraka amemwita shahidi wa upande wa pili.

Ng'ambo ya mpaka wetu uko mfano ulio wazi zaidi. Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, Kampala. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliingia mzunguko wa mwisho akiwa mbele, umati wa nchi yake ukimpigia vigelegele. Mara nguvu zikamwisha. Miguu ikakataa amri, akapitwa na mmoja, akapitwa na kumi, akamaliza wa 30. Huyo hakuwa mwanagenzi. Ikiwa mwendo uliopita kiasi ulimdhoofisha mtu kama yule, utamfanya nini mtoto aliyetoka kwenye dawati? Na tumpe haki yake: mwaka 2019 alishinda mbio zile zile huko Aarhus, Denmark, na mwaka 2020 akaweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000.

Sababu imo mwilini. Moyo na mapafu huzoea kazi mapema, misuli hufuata, lakini kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana katika wiki ya tatu mwanagenzi hujiona ana nguvu, akaongeza mwendo, kisha muundi ukaanza kumuuma. Maumivu ya misuli ya siku ya pili na ya tatu si ugonjwa, hupita. Lakini maumivu yaliyoganda mahali pamoja mfupani yataka pumziko, si ushujaa.

Watu wa Busia, kusema kweli, mwalimu wao yumo barabarani. Waendesha baiskeli waliobeba abiria baina ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda ndio walioizaa bodaboda, jina litokanalo na neno la Kiingereza la mpaka, ambalo leo pikipiki zimelitwaa kila mahali. Nani amewahi kumwona mgeni wa kazi ile akipakia magunia mawili ya mahindi siku yake ya kwanza? Angeanguka mbele ya wateja, na baiskeli si yake.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza kwamba vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Asishtuke mtu: kutembea upesi kwenda shuleni na kulima vimo katika hesabu hiyo. Shirika hilo hilo lashauri kuanza na kidogo na kuongeza polepole. Kwa asiyezoea, mimi ningeagiza siku tatu kwa wiki, dakika 20 kila siku, akikimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenzake. Na asikimbie kando ya barabara ya Malaba penye foleni za malori. Kiwanja cha shule chatosha.

Atachekwa, najua. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa michezo: ubaoni msiandike kilomita ambazo wanafunzi wamejisifu nazo. Andikeni siku ambazo kila mmoja amefika kiwanjani. Kisha wiki ya sita tulitafute katika orodha hiyo jina la yule mwenye kilomita kumi.