Zen Ni Ibada, Hata Jikoni na Chooni

Katika nchi za Magharibi, na popote vitabu vyao vya utulivu wa akili vinaposomwa, imekuwa kawaida kusema kwamba Zen, dhehebu la Ubuddha lililochipuka China na kustawi Japani, si dini bali ni ufundi wa kutuliza akili, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua kama anavyochukua mazoezi ya viungo, bila kuamini chochote, bila kuweka nadhiri yoyote na bila kumsujudia yeyote. Ushahidi unaotolewa huonekana mzito kwa mtazamo wa juu juu: Zen haihubiri Mungu Muumba, na walimu wake husisitiza shughuli za kila siku, yaani kufagia, kupika, kula na kulala. Kutokana na hayo huhitimishwa kwamba Zen ni jambo la kidunia tu. Hitimisho hilo ni potofu, na upotofu wake si wa vitabuni peke yake, kwani limewahi kutumika kuhalalisha umwagaji damu.

Anayetaka kuijua Zen hana budi kuanzia pale inapotendwa. Monasteri ya Eiheiji, iliyoko katika milima ya mkoa wa Fukui nchini Japani, iliasisiwa mwaka 1244 na mtawa Dogen (1200–1253), na ni mojawapo ya makao makuu mawili ya Soto, tawi la Zen lenye mahekalu yapatayo 14,000. Katika monasteri ya namna hiyo kuna mahali patatu ambapo watawa hawaruhusiwi kuzungumza: ukumbi wanamofanya zazen, yaani taamuli ya kuketi kimya kwa mkao maalumu, kisha bafuni, kisha chooni. Kila mahali pana mtukufu wake. Ukumbini yupo Manjusri, bodhisatva wa hekima, na bodhisatva ni yule aliyeweka nadhiri ya kuwakomboa viumbe wote; bafuni yupo Bhadrapala, ambaye masimulizi yanasema alifikia kuamka kiroho alipokuwa akioga; chooni yupo Ucchusma, mwenye kutakasa uchafu. Mtawa huinama kwa heshima kabla ya kuoga na kabla ya kujisaidia, na husoma maneno mafupi ya kutaka usafi wa mwili wake uwe usafi wa viumbe wote. Dogen mwenyewe, katika mkusanyiko wa maandishi yake uitwao Shobogenzo, alitenga sura nzima kwa ajili ya kunawa uso na nyingine kwa ajili ya matumizi ya choo, akaeleza hadi namna ya kulishughulikia joho na kuosha mikono.

Msomaji wa Kiswahili aliyefundishwa tangu utotoni dua ya kuingia msalani na nia ya udhu hatapata taabu kulielewa jambo hili, ijapokuwa itikadi za Uislamu na Ubuddha zinatofautiana sana, kwa kuwa anajua tayari kwamba tendo la mwili linaweza kuwa ibada bila kuacha kuwa tendo la mwili. Wanaoshindwa kulielewa ni wale waliorithi dhana moja ya Ulaya, inayoiona dini kuwa imani iliyofichwa moyoni, na ambayo kwa sababu hiyo inakiona kila kinachogusa sufuria na ufagio kuwa kimeshatoka nje ya dini.

Habari za mpishi ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko zote. Mwaka 1223, Dogen akiwa bado kijana na akiwa ndani ya meli iliyotia nanga katika bandari ambayo leo huitwa Ningbo, alikutana na mtawa mwenye umri wa miaka 61, mpishi mkuu wa monasteri ya mlima wa Ayuwang, aliyekuja kwa miguu kununua uyoga. Dogen alimwuliza kwa nini, katika umri ule, asiwaachie vijana kazi ya jikoni ili yeye aketi kwa taamuli na kuyadurusu maneno ya mabwana wa kale; mzee alicheka na kumjibu kwamba bado hajafahamu mazoezi ya njia hii ni nini. Waandishi wa vitabu vya utulivu huishia hapo, wakatangaza kwamba kupika kunatosha. Lakini Dogen aliandika mwaka 1237 mwongozo kamili wa mpishi wa monasteri, na humo ameagiza kwamba wali na mchuzi vikishaiva, mpishi avae joho lake la utawa, afukize ubani, asujudu mara tisa akielekea ukumbi wa watawa, na baada ya hapo ndipo chakula kipelekwe. Anayeziondoa sijida hizo tisa na kubakiza sufuria hajaifikia Zen ya Dogen iliyo safi zaidi. Amekata nusu ya mwongozo na kuificha.

Watetezi wa dhana ya Zen isiyo dini hukimbilia kisa cha Danxia Tianran, bwana wa Zen wa China wa karne ya 8 na ya 9, anayesimuliwa kuwa usiku wa baridi alichoma sanamu ya Buddha ya mti ili apate joto. Kisa hicho, wanasema, chathibitisha kwamba Zen haijali vitu vitakatifu. Lakini kilihifadhiwa na nani? Kilihifadhiwa na kufundishwa na watawa walioamka kila siku kabla ya mapambazuko kwenda kusujudu mbele ya sanamu kama ile, na uzito wake wote unatokana na utakatifu wa kile kilichotiwa motoni. Mahali ambapo sanamu ni kuni tu, hakuna kisa cha kusimulia. Vivyo hivyo mlei Pang, mwanafunzi mashuhuri wa zama hizo, hutajwa mno kwa kusifu kuteka maji na kubeba kuni, huku ikisahaulika kwamba yeye aliziita kazi hizo uwezo wa kimiujiza.

Wajapani wengi, isitoshe, hukutana na Zen katika msiba. Mila za mazishi zilizoenezwa na Soto humpa marehemu daraja la utawa na jina jipya la kidini, kisha kuhani huendelea kumsomea sutra, yaani maandiko matakatifu, katika hitima za miaka inayofuata.

Basi dhana ya Zen isiyo dini ilitoka wapi? Baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868, serikali mpya ya Japani iliutenga Ubuddha na Ushinto, dini ya jadi ya nchi hiyo, na likafuata wimbi la kubomoa mahekalu na kuchoma sanamu kwa madai kwamba Ubuddha ulikuwa ushirikina wa kigeni. Viongozi wa Kibuddha walijitetea kwa kuonyesha kwamba mafundisho yao yanapatana na sayansi. Mmoja wao, Shaku Soen, alihutubia Bunge la Dini za Dunia huko Chicago mwaka 1893, na mwanafunzi wake D. T. Suzuki (1870–1966) ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiingereza Zen iliyopunguziwa mazishi, makuhani na nadhiri, ikabaki kuwa tajriba tupu ya nafsi. Ilikuwa hoja ya kujikinga katika siku ngumu, nayo ikageuka kuwa maelezo ya dini nzima.

Matokeo yake yanapaswa kusemwa bila kificho. Soen huyo huyo alikuwa kuhani wa jeshi katika vita vya Japani na Urusi vya 1904–1905, na Suzuki aliandika, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Zen na utamaduni wa Kijapani, kwamba Zen haina itikadi yake na kwa hiyo yaweza kufungamana na ufashisti kama inavyoweza kufungamana na demokrasia. Japani wakati huo ilikuwa vitani China. Zen iliyovuliwa nadhiri zake, ambazo ya kwanza katika zile kumi kuu ni kutoua, ilibaki kuwa nguvu ya kukaza akili, na nguvu ya namna hiyo humfaa askari sawasawa na inavyomfaa mtawa. Mwaka 1992 Soto ilitoa tamko rasmi la toba kwa ushirika wake katika uvamizi wa Japani, na mwaka 1997 Brian Victoria, ambaye mwenyewe ni kuhani wa Soto, alichapisha utafiti wake mrefu juu ya mahekalu yaliyobariki vita. Anayedai leo kwamba Zen ni ufundi usio na maadili yake anarudia, pengine bila kujua, hoja iliyowarahisishia kazi majenerali.

Tiba ni suala jingine. Jon Kabat-Zinn, aliyepata kujifunza kwa mwalimu wa Zen kutoka Korea, alianzisha mwaka 1979 katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, na mgonjwa aliyepata nafuu humo amepata tiba halali. Ila tiba hufanywa kwa ajili ya nafuu, ilhali Dogen alifundisha kwamba anayeketi asitafute faida yoyote, hata ile ya kuwa Buddha, kwa sababu kuketi kwenyewe ndiko kuamka. Kwa hiyo mazoezi ya kuongeza tija ofisini si Zen iliyopunguzwa makali. Yanaelekea upande wa pili kabisa. Na mwajiri anayewapeleka wafanyakazi wapya hekaluni, kama wafanyavyo baadhi ya waajiri wa Japani, kisha akasema kwamba hapo hapana dini, amewaondolea sababu ambayo kwayo wangeweza kukataa kwa heshima.

Padri Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle (1898–1990), aliyenusurika bomu la atomiki la Hiroshima mwaka 1945 na baadaye akaidhinishwa kufundisha Zen, hutajwa mara kwa mara kama kielelezo kwamba Mkristo anaweza kuketi bila kuingia katika dini nyingine. Lassalle hakulichukulia jambo hilo kwa wepesi huo. Alibaki padri, alitafuta katika zazen njia ya sala ya ndani zaidi, na alitumia miaka mingi kuwaeleza Wakatoliki wenzake, katika vitabu na mihadhara, jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukaa pamoja, kazi ambayo isingekuwa na maana yoyote kama pale alipoketi hapakuwa na dini.