Paa Kuukuu na Mvua ya Kakamega

Mvua ya Kakamega hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingine huja pamoja na mawe. Nyumba iliyoezekwa zamani kwa vibao vya mtarakwa yaweza kuistahimili kwa miaka mingi, maana mti huo hauliwi upesi na mchwa wala hauozi haraka. Hata hivyo, kila kibao kina siku zake. Jua hukipasua, ukungu wa kijani hukitia unyevu, na misumari iliyokishika huliwa na kutu.

Hapo ndipo ubishi huingia katika jamaa nyingi. Mama aliyebaki nyumbani hataki nyumba aliyoijenga marehemu baba iguswe. Atosheka na viraka. Vijana walio kazini Nairobi wataka mabati ya rangi yawe yamekwisha kupigwa kabla ya Krismasi. Mmoja atazama heshima, wa pili atazama fahari, na huenda ikawa hakuna hata mmoja aliyepanda darini kuzitazama mbao.

Basi na zitazamwe. Nuru ndogo ipenyayo kati ya vibao wakati wa kiangazi si hoja ya kuezua, kwa kuwa mti ukikauka hunywea, na ukinyeshewa huvimba ukaziba nafasi hizo. Dalili ya kweli huonekana mvua inaponyesha: ni matone, na madoa meusi juu ya boriti. Fundi achukue kisu akidunge katika mbao, hasa pale zinapokutana na ukuta. Kikizama kwa urahisi, mbao hiyo imeoza. Vibao vichache vikiwa vibovu na mbao zote zikiwa nzima, viraka vyatosha, na mama amesema kweli. Lakini vibao vikiwa vimelegea kila upande, kiraka cha leo huzaa kiraka cha kesho, na fedha huisha kidogo kidogo pasipo faida.

Ikiwa ni lazima kuezua, vibao vyote viondolewe. Wako wanaopigilia mabati juu ya vibao vya zamani ili kupunguza gharama. Hilo ni kosa, kwa sababu unyevu hufungiwa ndani, na msumari hushika mti uliooza. Mbao mbovu zibadilishwe, na mpya zipakwe dawa ya mchwa. Katika kununua mabati, mnunuzi akumbuke kuwa namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi: geji 28 ni nene kuliko geji 32. Rangi nzuri haizuii mawe ya mvua kulitoboa bati jembamba. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde maji yapitapo.

Kazi hii ina majira yake. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye mvua chache. Atakayeezua nyumba mwezi wa Aprili atalala nje pamoja na vyombo vyake.

Tena, mabati yana faida ambayo wengi huisahau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa mita 6 hupokea lita 120,000 kwa mwaka. Hata theluthi ikipotea, hubaki lita 80,000. Maji hayo yakitiwa mfereji na tangi, safari nyingi za kwenda mtoni na mtungi kichwani hukoma. Mama aliyekataa mabati kwa ajili ya kumbukumbu huenda akayakubali kwa ajili ya shingo yake.

Kwa hiyo vijana wanaotuma fedha na wafuate utaratibu huu: kwanza mbao, pili unene wa bati, tatu mfereji na tangi. Rangi ije mwisho, kama kuna kilichosalia mfukoni.