Anayeumizwa na Kitana Hadeki

Kipandauso kinapopamba moto, ubongo huweza kuugeuza mguso wa kawaida kuwa maumivu. Kitana, hereni, kilemba, hata mto chini ya shavu, vyote huuma kwelikweli. Hata hivyo, kuanzia sebuleni hadi mimbarini bado inahubiriwa kwamba mwanamke anayekataa kuguswa kichwa anadeka, na kwamba mke mwema huvumilia. Mahubiri hayo ni ya kikatili.

Maumivu hupitia neva ya trijemino, inayohudumia uso, paji na utando unaofunika ubongo. Kemikali iitwayo CGRP, ambayo Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha mwaka 1990 kuwa huongezeka katika damu ya mshipa wa shingo wakati wa shambulio, ni miongoni mwa vichochezi vya maumivu hayo. Taarifa za utando na za ngozi ya uso hukutana kwenye seli zilezile za shina la ubongo. Seli hizo zikichokozwa mfululizo huwa nyepesi kushtuka, na mguso mdogo hupokelewa kama jeraha. Hali hiyo ikifika kwenye thalamasi, inayopokea hisia za mwili mzima, hata mkono huuma ukiguswa.

Wenye dharau hushikilia kwamba ngozi haina kidonda wala uvimbe. Hoja duni mno! Ngozi hupeleka taarifa tu. Anayeamua kwamba kitu kinauma ni ubongo, na ubongo ndio uliobadilika. Mwaka 2000, Rami Burstein na wenzake huko Boston walichapisha vipimo vya joto, baridi na mgandamizo vya wagonjwa 42, kabla ya shambulio na likiwa limepamba. Kwa wagonjwa 33, ngozi ilianza kuuma kwa kichocheo kidogo kuliko siku za nafuu. Kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake, si na jirani mvumilivu.

 

Uvumilivu unaosifiwa una gharama pia. Utafiti wa Burstein wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba triptani, dawa za kutuliza shambulio la kipandauso, zilimaliza maumivu mara nyingi zaidi zilipotumiwa kabla ngozi haijaanza kuuma. Anayeambiwa aache deko huzitumia akiwa amechelewa.