KILA KITU "PIGA WINDOWS UPYA"? HAPANA JAMANI!

Nilikuwa kimya wiki mbili hizi, si mnajua tena test zimetubana. Leo sileti habari za darasani. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sentensi moja ambayo kila mwenye laptopu hapa chuoni ameshaisikia: "Piga Windows upya."

Laptopu nzito? Piga Windows upya. Haitoi sauti? Piga Windows upya. Gemu la emyuleta linazima ghafla katikati ya mechi? Piga Windows upya, na ukibisha utaambiwa mashine imechoka, tafuta nyingine. Mimi nasema hiyo siyo tiba. Ni kukwepa kufikiri, na gharama yake tunailipa sisi.

Mfano ninao chumbani kwangu. Rumeti wangu ana laptopu ya mtumba, na usiku tukishamaliza kusoma huwa tunacheza mpira kwa emyuleta ya PSP. Muhula huu ikaanza vituko. Dakika ya kumi hivi skrini inakuwa nyeusi, baada ya muda mfupi inarudi, gemu halipo, na pembeni kuna ujumbe kwamba draiva ya grafiki iliacha kuitika na sasa imerudi. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa karibu na chuo. Fundi hakuuliza inazima wakati gani, wala hakuiwasha. "Ticha niachie, jioni njoo." Basi. Shilingi 20,000 zikatoka kwenye bumu. Jioni mashine ikarudi safi kama imetoka kiwandani, na safi kweli, maana sura mbili za utafiti wake na maandalio yote ya somo aliyoyaandaa kwa ajili ya TP hayakuwemo tena. Usiku uleule tukawasha gemu. Dakika ya kumi, skrini nyeusi.

Sasa niambieni, ile elfu 20 ililipia nini?

Tuelewe kwanza kinachotokea, maana hapa hakuna uchawi. Gemu la PSP liliandikwa kwa ajili ya chipu za PSP. Emyuleta kazi yake ni kutafsiri ili kompyuta yako ielewe. Kwenye upande wa picha, emyuleta haiongei na chipu ya grafiki moja kwa moja. Inatoa maagizo kwa kupitia mfumo kama OpenGL, Direct3D au Vulkan, maagizo yanapokelewa na draiva, na draiva ndiyo inayoiamrisha chipu. Tangu Windows Vista iliyotoka 2007, ndani ya Windows kuna mlinzi. Chipu ya grafiki ikipewa kazi ikakaa zaidi ya sekunde 2 bila kuitika, mlinzi anaona imeganda, anaianzisha upya pamoja na draiva yake. Ile skrini nyeusi ndiyo hiyo. Siyo mashine inakata roho, ni mlinzi amefanya kazi yake.

Na ameandika ripoti! Bonyeza kitufe cha Start kwa kulia, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System, tafuta namba 4101. Utakuta saa, dakika na jina la draiva iliyoanguka. Ukiona igfx hiyo ni ya Intel, nvlddmkm ni ya NVIDIA, na zinazoanza na amd jibu unalo. Ukipiga Windows upya, ripoti yote hiyo inafutwa. Yaani mtu anachoma faili la mgonjwa halafu anajiita daktari.

Wenzangu wa ualimu, si tunafundishwa haya kwenye koz ya upimaji? Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, jibu lile limebeba taarifa. Linakuambia amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Utamfundisha kigawe kidogo cha shirika, hutamrudisha darasa la kwanza akaanze kuhesabu vijiti. Sasa kupiga Windows upya kwa sababu ya draiva kuanguka ndiyo kumrudisha mtoto darasa la kwanza kwenyewe, tena baada ya kumchania madaftari.

Sisi tulifanyaje? Tulibadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, basi. Skrini ya PSP ina nukta 480 kwa 272, jumla nukta 130,560. Rumeti alikuwa ameweka ukubwa wa picha mara 4, yaani 1920 kwa 1088. Watu hudhani hapo kazi ya chipu imeongezeka mara 4. Hapana, ni mara 16, maana umezidisha upana na urefu pia. Nukta 2,088,960! Tukashusha hadi mara 2. Gemu likaenda nusu saa ndipo likaanguka. Hiyo ni taarifa: mzigo unachangia, lakini siyo mzizi. Tukarudisha mara 4 ili tusichanganye mambo, tukagusa kitu kingine, tukahama kutoka OpenGL kwenda Direct3D 11. Mechi nne mfululizo, kimya. Tukarudisha OpenGL makusudi, ikaanguka. Direct3D tena, ikatulia. Basi kesi imekwisha: draiva ile ya zamani ina kasoro kwenye njia ya OpenGL, na ukiibebesha mzigo mkubwa kasoro inawahi kujitokeza. Emyuleta haina hatia, Windows haina hatia. Gharama, shilingi sifuri.

Sisemi kila mashine itapona kwa njia hiyo. Watuhumiwa wako wengi, ila kila mmoja ana alama zake. Gemu likianguka baada ya muda uleule huku laptopu ikiunguza mapaja na feni ikilia kama mashine ya kusaga, angalia joto kwanza. Toa vumbi, na acha kuiweka juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa. Kama laptopu ina chipu mbili za grafiki, hakikisha emyuleta imepewa ile yenye nguvu. Ukifungua Device Manager ukakuta jina ni "Microsoft Basic Display Adapter", ujue draiva halisi haipo kabisa, na hali hiyo mara nyingi utaikuta kwa mtu aliyetoka kupigiwa Windows upya bila intaneti. Umeona kejeli hiyo? Dawa inaleta ugonjwa!

Kwa wanaocheza PS2 kwa PCSX2 kuna kipimo kizuri zaidi. Bonyeza F9, picha itachorwa na prosesa badala ya chipu ya grafiki. Itakwenda kwa mwendo wa kobe, lakini ikiacha kuanguka umeshajua tatizo liko upande wa grafiki. Ikiendelea kuanguka, tafuta kwingine. Na kama mistari na madoa yanaonekana skrini nzima tangu unapowasha, kabla hata Windows haijaanza kufunguka, hapo ni kifaa chenyewe. Hata upige Windows mara mia, hazitasaidia kitu.

Najua wapo watakaosema, "Ticha mzima anahangaika na gemu, aende akasome." Sawa, lakini draiva inayoangusha gemu ndiyo hiyohiyo inayotuma picha kwenye projekta siku ya presentesheni. Wengine watasema fundi naye anatafuta riziki. Sikatai. Na zipo siku ambapo kupiga Windows upya ni sahihi, kwa mfano mafaili ya mfumo yakiharibiwa na virusi. Ugomvi wangu ni kuifanya iwe jibu la kwanza kabla swali halijaulizwa. Wapo pia wanaotoa ushauri wa kuingia kwenye rejista na kumwongezea mlinzi zile sekunde 2 ziwe 10 au 60. Microsoft wenyewe wanasema mipangilio ile ni ya majaribio ya watengenezaji, siyo ya mtumiaji wa kawaida. Ukifanya hivyo umeng'oa taa ya hatari kwenye gari, halafu unasema gari limepona.

Kwangu mimi hili ni zito kuliko mpira wa kwenye kompyuta. Karibuni tutapangiwa shule. Kuna shule utakuta kompyuta moja tu, ofisini kwa mkuu, na ndani yake alama za maendeleo za kidato kizima. Siku ikigoma, ataitwa mwalimu kijana "aliyetoka chuo". Utakuwa wewe. Kama kitu pekee ulichojifunza hapa ni "piga Windows upya", utafuta alama za watoto wa watu halafu utanawa mikono.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla hujampa mtu laptopu yako, muulize: Tatizo unalionaje? Umelipimaje? Mafaili yangu utayahifadhi wapi? Akishindwa kujibu hata moja, chukua mashine yako urudi hosteli. Ukisikia "piga Windows upya", jibu liwe moja: "Kwa sababu gani?"

Natoa hoja. Mwenye kupinga aje, kimbweta tunakijua wote.