Maoni ya majaji wa The Hague yana uzito gani Meru na Embu?

MAHAKAMA ya Kimataifa ya Haki, ICJ, ilipotoa maoni yake ya ushauri kuhusu mabadiliko ya tabianchi mnamo Julai 23, 2025, Kenya ilikuwa ingali ikijadili maandamano ya Juni 25 na Saba Saba. Habari hiyo ikapita haraka. Hata hivyo, kwa mkulima wa mahindi na pojo wa Mbeere, au mfugaji wa Buuri na Igembe Kaskazini, huenda ndiyo hati ya kisheria yenye maana kubwa zaidi kuandikwa ughaibuni katika miaka ya hivi karibuni. Swali ni kama itamfikia, na kwa njia gani.

Kwanza ni vyema kuondoa mkanganyiko. Wakenya wengi wakisikia jina The Hague, mawazo hukimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyowaita Wakenya sita baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Meru ina kumbukumbu yake kuhusu mahakama hiyo, kwani mmoja wa sita hao, Francis Muthaura, ni mzaliwa wa huko. Mashtaka dhidi yake yaliondolewa Machi 2013. ICJ ni chombo tofauti kabisa. Haimshtaki mtu binafsi. Huamua mizozo baina ya mataifa na, chini ya Kifungu cha 96 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, hutoa maoni ya kisheria inapoombwa na Baraza Kuu, Baraza la Usalama au vyombo vingine vya umoja huo vilivyoidhinishwa.

Ombi la safari hii lilianzia mbali na miji mikuu ya wenye nguvu. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini waliishawishi serikali ya Vanuatu ilichukue suala hilo. Vanuatu ni taifa la visiwa lenye watu wapatao 300,000, takribani nusu ya wakazi wa Kaunti ya Embu, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa 608,599. Machi 29, 2023 Baraza Kuu lilipitisha azimio hilo bila kupiga kura. Vikao vya Desemba 2024 vilihudhuriwa na mataifa 96 na mashirika 11. Kenya na Umoja wa Afrika walikuwa miongoni mwa waliotoa hoja.

Majaji wote 15 walikubaliana, jambo ambalo ni nadra katika mahakama hiyo. Walisema mabadiliko ya tabianchi ni tishio la dharura linalogusa uhai wenyewe, na kwamba kila taifa lina wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mazingira. Wajibu huo hautokani na mikataba pekee bali pia na sheria ya kimila ya kimataifa, ambayo taifa haliwezi kuikwepa kwa kujitoa mkatabani. Hoja hiyo ilikuja miezi sita baada ya Marekani kutangaza, Januari 2025, kwamba inajiondoa katika Mkataba wa Paris. Majaji waliongeza kwamba taifa likishindwa kuilinda anga, hata kwa kutoa leseni za kuchimba mafuta na makaa ya mawe au kuyapa ruzuku, laweza kuwa limetenda kosa la kimataifa. Aliyeathirika ana haki ya kudai fidia kamili, mradi uhusiano kati ya kosa na hasara uwe wa moja kwa moja na wenye hakika ya kutosha.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa wakazi wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya.

Mlima huo, ambao Wameru huuita Kirimara, ulikuwa na mito ya barafu 18 mwanzoni mwa karne ya 20. Iliyosalia ni michache na yazidi kusinyaa. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilikadiria kwamba barafu yote ya mlima huo itatoweka katika miaka ya 2030. Lakini wanaoililia barafu huwa mara nyingi wanalilia alama. Kathita, Nithi, Thuci na Rupingazi hutegemea zaidi mvua na msitu kuliko barafu. Dhiki yenyewe iko chini, ambako chai ya Kianjokoma huachwa nyuma na, baada ya safari fupi ya gari, mtu hujikuta katika vichaka vya Kiritiri na Siakago. Meru na Embu, licha ya sifa zake za kahawa, chai na miraa, zimo katika orodha ya kaunti 23 kame zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA.

Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 mvua zilikosa kwa misimu mitano mfululizo. Kisha, Aprili na Mei 2024, bwawa la Masinga katika Mto Tana, mpakani mwa Embu, lilifurika hadi wakazi wa chini yake wakaamriwa kuhama.

Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichunguza matukio yote mawili. Kuhusu ukame, walihitimisha Aprili 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliongeza uwezekano wake mara 100 hivi. Kuhusu mafuriko ya 2024, walisema mvua iliongezeka makali kwa takribani asilimia 5 tu, tena kwa tahadhari nyingi, na wakaelekeza kidole kwa ujenzi holela na upangaji mbovu wa miji. Kwa wakili, tofauti hiyo ni kubwa mno. Mbuzi waliokufa Evurore mwaka 2022 wana ushahidi ambao nyumba zilizosombwa mwaka 2024 hazina. Anayezichanganya hasara hizi mbili katika dai moja atakuwa amelidhoofisha dai lake lililo bora.

Je, maoni yasiyoshurutisha yana faida gani? Historia haitoi jibu moja. Mwaka 1975 ICJ ilisema Morocco haikuwa na uhusiano wa mamlaka na Sahara Magharibi wa kuwanyima watu wake haki ya kujiamulia. Wiki chache baadaye Morocco ikapeleka maelfu ya raia wake huko, na nusu karne baadaye mgogoro ungalipo. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo iliitaka Uingereza iache kuvitawala visiwa vya Chagos. London ilipuuza. Lakini shinikizo halikwisha, na Mei 22, 2025 ikatia saini mkataba na Mauritius kuhusu mamlaka ya visiwa hivyo.

Wala si kweli kwamba uamuzi wenye nguvu ya kisheria hutiiwa daima. Kenya yenyewe ni shahidi. Oktoba 12, 2021 ICJ ilitoa uamuzi, si ushauri, kuhusu mpaka wa baharini na Somalia, na Nairobi ikaukataa. Huko Meru wazee wa Njuri Ncheke, wasio na polisi wala gereza, wamekuwa wakisikizwa kwa vizazi kwa sababu jamii inawakubali. Ila mwaka 1956, walipopiga marufuku ukeketaji wakiwa na mkono wa serikali ya kikoloni nyuma yao, wasichana wengi walijikeketa wenyewe kwa ukaidi, wakajulikana kama Ngaitana. Nguvu ilikuwepo siku hiyo. Kilichokosekana ni ridhaa.

Kenya inaijua pia hali ya kuomba ushauri kisha kuuweka kando. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa maoni kuhusu kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia na kutaka sheria ipitishwe kufikia Agosti 27, 2015. Bunge halikuipitisha. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, na Bunge halikuvunjwa.

Kwa nini basi maoni ya Julai 2025 yawe tofauti? Jibu halimo The Hague. Limo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 2(5) kinasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara. Majaji wa The Hague wamefafanua kilichomo ndani ya sheria hiyo ya kimila. Ufafanuzi huo sasa waweza kuwekwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru au Embu, na jaji akauzingatia. Mfano wa hapa nchini upo: Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Njia nyingine ni nyembamba zaidi. Septemba 2021, siku chache kabla ya uamuzi wa mpaka na Somalia, Kenya iliondoa tamko lake la kuikubali ICJ kuwa na mamlaka juu yake. Kwa hatua hiyo ilijinyima mlango mmoja muhimu wa kuyashtaki mataifa yanayochafua anga. Kule Arusha, Kenya haijawahi kuweka tamko linalowaruhusu raia wake kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Waogiek walifika huko kupitia Tume ya Afrika, wakashinda mwaka 2017 na kutunukiwa fidia mwaka 2022, kisha wakabaki kuidai. Mei 2025 Muungano wa Mawakili wa Afrika, PALU, uliiomba mahakama hiyo nayo itoe maoni kuhusu wajibu wa serikali za bara hili katika suala la tabianchi. Novemba 2025 Profesa Phoebe Okowa, Mkenya, alichaguliwa kuwa jaji wa ICJ. Ni fahari kwa nchi, ingawa jaji haendi pale kuwa wakili wa nchi yake.

Wanasiasa wa Mlima Kenya watapenda sehemu ya fidia, na si vigumu kuona sababu. Kenya huchangia chini ya asilimia 0.1 ya gesi chafu duniani; ni rahisi kuinyoshea kidole Washington au Beijing. Wasichotaja ni kwamba wajibu uliofafanuliwa na majaji unaifunga Nairobi pia. Serikali inayotumaini kuchimba mafuta Turkana, na ambayo Julai 2023 iliondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018, hadi mahakama ikaisimamisha hatua hiyo mwezi uliofuata, haiwezi kusoma kurasa za fidia na kuruka kurasa za wajibu. Serikali za kaunti nazo zimo. Nyongeza ya Nne ya Katiba inazipa jukumu la kutekeleza sera za uhifadhi wa udongo, maji na misitu.

Kwa hiyo mlalamishi wa kwanza kutoka Kiritiri au Buuri hatahitaji tiketi ya ndege. Atahitaji wakili, rekodi za mvua za eneo lake na hesabu ya mifugo aliyoipoteza, na pengine mshtakiwa wa kwanza kwenye karatasi zake atakuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya.